Jina Lililoingia kwa Buibui

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisoma, ukae kama mtu aliyekuja kunisikiliza, maana habari hii nimeizoea kwa sauti ya chini na sijui kuipaza. Dirisha la mtaani nimelifunga. Siku hizi sina ninachokiogopa huko nje, ni mazoea tu yaliyobaki mwilini, kama mtu aliyevunjika mkono zamani akawa bado anaulinda katika msongamano. Sitakuanzia kwa babu zangu, wala kwa nani alikuja Unguja akitokea wapi. Nitakwambia habari ya jina moja tu. Lilizaliwa kwa Wayunani wa kale, likapita kwa Warusi, likaingia nyumbani kwetu Kiponda mwaka mmoja kabla ya sabini likiwa limefunikwa buibui, na mpaka leo halijatoka. Ukinivumilia mpaka mwisho utaelewa kwa nini jina la mtoto mchanga lingeweza kutuua.

Mwezi uliopita tulisoma khitma ya arobaini ya Mama. Mdogo wangu Mgeni alikuja kutoka Maskati, na watu walipokwisha kuondoka tukabaki wawili jikoni tukisugua masinia. Akaniambia, "Dada Rahma, nataka kukuuliza jambo, usinicheke. Binti yangu yu karibu kujifungua, na akipata mtoto wa kike ataka amwite mimi. Mkwe wangu aniuliza, jina hili maana yake nini, ulipewa kwa ajili ya nani. Nami naona haya kumwambia niliitwa kwa ajili ya Mzee Makame balozi, mtu aliyekuwa akihesabu sahani za watu." Nikacheka, lakini hofu niliyokuwa nayo nikiwa na miaka kumi na saba ikanirudia, nikaketi juu ya kibao cha mbuzi. "Hilo ndilo tulilowaambia watu," nikamjibu. "Mama hakutaka la kweli lisemwe akiwa hai. Sasa kaa, nikwambie."

Mwaka ule hofu ilikuwa na sauti zake, na kila mtoto wa mjini alizijua. Gari likisimama uchochoroni, nyumba nzima ilinyamaza mpaka liondoke. Watu waliitwa kwenda kujibu maswali, wengine wakarudi, wengine hawakurudi, na waliorudi hawakusema waliulizwa nini. Redio tuliifungua kidogo, tukaisogelea kama watu wanaoota moto. Na palikuwa na sharti moja ambalo sisi watoto tulilijua kama tunavyojua kutawadha: mgeni yeyote akilala kwako, lazima umpeleke kwa balozi wa nyumba kumi aandikwe, hata akiwa shangazi yako wa Chwaka aliyekuja na kikapu cha samaki. Nyumba yenye mgeni asiyeandikwa ilikuwa nyumba yenye siri, na siri haikuwa na adhabu ndogo.

Nasi tulikuwa naye. Mjomba Nasor, mdogo wake Mama, alikuwa mwalimu. Walimu wenzake wawili waliitwa wakajibu maswali, wakapotea, na mtu mwema akamnong'oneza kwamba wa tatu ni yeye. Akaingia kwetu kwa mlango wa nyuma na kanzu aliyoivaa tu. Bibi yangu, Bi Zeyana, aliyekuwa mama yao wote wawili, akampandisha ghorofa ya juu kabisa, katika stoo ya magodoro iliyopakana na jiko. Mjomba alikuwa na kikohozi. Kikohozi cha mwanamume ni kitu kikubwa sana katika nyumba ambayo watu wanajua kwamba mwanamume ni mmoja tu, naye ni Baba, na Baba yuko kazini. Bibi akatafuta dawa yake. Kila Mjomba alipokohoa, Bibi alishika mchi akatwanga kinu. Kinu hakikuwa na kitu. Alitwanga kinu kitupu, du, du, du, mpaka kikohozi kiishe.

"Bi Zeyana," jirani wa dirisha la pili alimwita siku moja akicheka, "mwala nini humo ndani? Kutwa mwatwanga!"

"Twala kelele," Bibi akajibu. "Karibu uonje."

Mjomba kutoka nyuma ya mlango akasema polepole, "Mama, ukiendelea hivi utakuja kunitwanga na mimi." Bibi akaupiga mlango kwa mchi, akamwambia anyamaze. Kisha akakirudia kinu chake. Nakwambia haya ili ujue kwamba watu wenye hofu hucheka sana. Ukiingia nyumba ya watu ukakuta wanacheka kila neno, usidhani wana raha.

Sasa nikueleze Mzee Makame. Alikuwa mtu wa Makunduchi, amepewa kukaa katika nyumba iliyo mkabala na yetu ambayo wenyewe waliiacha wakasafiri. Yeye ndiye aliyefanywa balozi wetu. Alikuwa peke yake, hana mke wala mtoto, kofia yake safi daima, na jioni alikaa juu ya baraza akitazama milango. Watu wa mtaa walimpa shikamoo kwa adabu zote, akaitikia marahaba, kisha wakaingia ndani wakatia komeo. Alipokuja kwenye nyumba za watu kuuliza hili na lile, alisimamishwa pale pale kwenye daka, kile kijichumba cha mlangoni, akajibiwa akiwa wima. Hakuna aliyempa kiti. Wakati ule sikuliona hilo kuwa ni jambo. Nilimwogopa tu, nikamwona mrefu kuliko alivyo.

Mimba ya Mama ilifika wakati huo huo. Siku uchungu ulipomshika, Baba alikuwa amekwenda Michenzani na wenziwe kubeba zege la majumba mapya, kazi ambayo kutokwenda kwake kungeulizwa. Asubuhi Bibi alisema mambo ni mazuri. Adhuhuri alinyamaza. Baadaye akaniita nje ya chumba. "Rahma."

"Labeka, Bibi."

"Mtoto katanguliza miguu, na mama yako nguvu zinamwisha. Nishazalisha wengi, lakini huyu hanitaki mimi."

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ukunga hospitali, mwaka wa kwanza, najua kuchemsha vyombo na kushika taa. Nikamwambia tumpeleke. Bibi akatikisa kichwa. Kumpeleka maana yake machela, na machela maana yake wanaume wanne kupanda ngazi zetu, kugeukia juu kwenye kona ya stoo, mmoja akauliza maji, mwengine akafungua mlango usio wake. "Siwezi kumwokoa mmoja kwa kumtoa mwengine," akasema. "Lete mtu mmoja. Mmoja tu."

Huyo mtu mmoja nilimjua. Wodi yetu ya wazazi ilikuwa na daktari wa Kirusi, mwanamke mrefu wa makamo, mikono yake myekundu kwa kunawa, aliyejifunza Kiswahili kwa kuwauliza wagonjwa majina ya vitu. Wagonjwa walimwita Bi Senia. Jina lake ni Ksenia. Lakini madaktari wa kigeni hawakuruhusiwa kuingia majumbani mwa watu, nasi hatukuruhusiwa kuzungumza nao zaidi ya kazi. Yeye angerudishwa kwao. Sisi tungeulizwa alifuata nini kwetu, na swali hilo lingepanda ngazi mpaka stoo. Nilichukua buibui la Mama, lile la kamba la zamani linalofunika mpaka uso, nikalikunja chini ya kwapa, nikenda hospitali upesi nikijizuia nisikimbie. Nilimkuta anavua koti lake jeupe, zamu imekwisha. Nikamwambia maneno machache. Hakuniuliza hata moja. Alitazama buibui, akainama nimvalishe, maana urefu wake ulinishinda.

Uchochoroni kwetu Mzee Makame alikuwa amesimama mlangoni petu. Alikuwa ametoka kubisha kuuliza kama Baba amekwenda kujenga. Alinitazama, akamtazama mwanamke mrefu aliyefunikwa, na chini ya buibui nikaona viatu vyeupe vya hospitali vikitokeza ncha. Moyo wangu ulipiga kama kinu cha Bibi.

"Mzazi vipi?" akauliza.

"Twaomba dua zako, mzee."

Akasogea kando tukapita. Mwanamke aliyejifunika haulizwi jina na mwanamume njiani. Adabu hiyo ilikuwa bado hai, nayo ndiyo iliyotupitisha. Kilichofuata sitakieleza kirefu, waliozaa wanakijua. Daktari alipiga magoti juu ya mkeka wetu, akaingiza mkono, akasema na Mama kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Dada, bado kidogo. Nipo. Sitoki." Juu ya vichwa vyetu Mjomba alikohoa, na hapakuwa na mtu wa kutwanga. Daktari akainua macho darini. Kisha akayateremsha akaendelea na kazi. Alasiri mtoto alilia. Daktari alikunywa kikombe cha chai ya mdalasini akiwa amesimama, akavaa buibui, nami nikamtoa kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa Mzee Makame alikuwa amekwisha kukaa barazani kwake mbele.

Kesho yake Mama, akiwa juu ya kitanda cha samadari na bakuli la uji wa pilipili manga kifuani, alisema, "Mtoto ataitwa kwa jina la yule mama."

Baba alikuwa anakunywa maji, yakampalia. "Una akili kweli? Jina la Kirusi mtaa huu? Watauliza limeingia kwa mlango gani!"

"Nliweka nadhiri. Roho ilipofika hapa," akajigusa koo, "nlisema nikipona, mtoto atachukua jina lake."

"Nadhiri haitupwi," Bibi akasema.

"Na kichwa changu je, mama? Hicho chatupwa?"

Bibi akampigapiga mtoto mgongoni, akafikiri. Kisha akaniambia, "Rahma, kamwulize jina lake lina maana gani. Kila jina lina maana. Likiwa jema tutampa mtoto maana yake kwa lugha yetu, na ganda lake tutaliacha huko huko. Nadhiri itakuwa imetimia, na hakuna atakayeuliza."

Nilimkuta daktari katika chumba cha kuchemshia vyombo. Karani mmoja alikuwa ukumbini, anayependa sana kusimama pasipo na kazi. Nilipouliza swali langu kwa kunong'ona, daktari alikaza moto chini ya sufuria mpaka mikasi na koleo zikaanza kugongana kwa kelele. Nikajua huyu naye katokea nyumba yenye kinu.

"Ksenia si jina la Kirusi," aliniambia akitazama mvuke. "Ni la Kiyunani. Wayunani walileta dini yao kwetu kaskazini, na majina yakaja pamoja na dini. Rahma ni Kiswahili?"

"Ni Kiarabu."

"Basi. Wewe Mswahili mwenye jina la Kiarabu, mimi Mrusi mwenye jina la Kiyunani. Sote tumeazima, na hakuna aliyetudai." Akaniambia kwamba vijijini kwao watu walilipinda ulimini mwao wakasema Aksinya, na majirani zao wa Ukreni husema Oksana, na mtu akikupenda hulifupisha akakuita Ksyusha, lakini shina ni moja. Kwa Wayunani, ksenos ni mtu aliyetoka pengine, usiyemjua. Neno hilo hilo moja ndilo la mtu uliyemkaribisha ndani ukampa chakula. Na ksenia ni ule ukarimu wenyewe, haki ya huyo mtu juu ya mwenye nyumba. "Kirusi kina maneno mawili," akasema. "Moja la mtu wa nchi nyingine, moja la mtu anayekuja kula kwako, na hayafanani hata kidogo. Nilipojifunza Kiswahili nikashangaa. Ninyi, kama Wayunani, mnalo moja."

"Mgeni," nikasema.

"Mgeni," akarudia, kama anayeonja. "Wayunani wa kale, kabla ya Ukristo, waliamini kwamba mungu wao mkubwa huvaa nguo za msafiri maskini akabisha milango kuwajaribu watu. Kwa hiyo msafiri akija, mwenyeji humpa maji anawe, humpa chakula, na kabla hajala haruhusiwi kumwuliza wewe nani, watoka wapi. Jina baadaye." Aliitoa mikasi kwa koleo, akaipanga. "Jina langu nalo lilipatikana kwa siri. Baba yangu alikuwa mtu wa chama, dini hataki kuisikia nyumbani. Bibi yangu alinifunga katika shali, akasema anakwenda kununua maziwa, akanipeleka kanisani kubatizwa. Baba alidhani ni jina zuri tu." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Bibi alirudi bila maziwa, Rahma. Wiki nzima aliogopa kuulizwa maziwa yako wapi."

Nilipomsimulia Bibi yote hayo, alisema astaghfirullah kwa habari ya mungu anayevaa nguo, kisha akasema, "Lakini adabu yao njema. Mtoto ni Mgeni." Baba akavuta pumzi. Mgeni ni jina la kwetu kabisa, kila mtaa una Mgeni wake. Nani atalitilia shaka? Tulifurahi, na katika furaha ile tukafanya kosa ambalo watu wa Unguja tu wangeweza kulifanya. Wewe wa kwetu huenda umekwisha kuliona. Sisi hatukuliona, kwa sababu akili zetu zote zilikuwa kwenye kuficha jina la daktari.

Zilikuwa pia kwenye jambo jengine. Bibi alikuwa ameazimia kwamba buibui lililomleta mmoja ndilo litakalomtoa mwengine. Siku ya saba ya mtoto, ya kunyolewa nywele na kupewa jina, nyumba ingejaa wanawake waliojifunika, wakiingia na kutoka. Mjomba angetoka kati yao mpaka Ng'ambo kwa rafiki yake, na rafiki alikuwa na njia ya kumvusha kwenda Bara. Basi asubuhi ya siku hiyo nilimkuta Bibi stoo akimpaka mwanawe hina vidoleni mwa miguu. Mjomba kakonda, ndevu kazinyoa, buibui la Mama limemkaa mabegani.

"Dada Salma hajawahi kupendeza hivi," akasema, akimkusudia Mama.

"Nyamaza. Bibi harusi hasemi." Bibi alikuwa analia bila sauti, na machozi yakaingia ndani ya hina.

Alasiri nyumba ilinukia udi na bokoboko. Nywele zilikwisha kunyolewa, jina likatajwa, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa ukumbini chini na sinia la visheti, na Bibi kando yangu na mtoto, tukisubiri kundi la kwanza literemke, Mjomba akiwa katikati yao. Mlango wa mbele ukabishwa. Baba akaufungua. Alikuwa Mzee Makame.

"Hongereni. Mtoto kaitwa nani?"

"Mgeni," Baba akasema, bado na tabasamu.

Mzee Makame hakutabasamu. "Mgeni," akasema taratibu. "Mtoto haitwi Mgeni bure. Huitwa hivyo kwa kuwa siku aliyozaliwa nyumba ilipata mgeni. Mgeni gani mlimpata, Bwana? Maana mimi sikuletewa mtu kumwandika. Nami siku ile nilimwona mwanamke mrefu akiingia, simjui, na kutoka sikumwona."

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu. Jina tulilolichagua ili lisiulizwe lilikuwa tangazo. Tulikuwa tumesimama mbele ya mtaa mzima tukasema: hapa kuna mtu. Tabasamu la Baba lilibaki usoni, limekufa. Juu, ngazi zilianza kulia kwa miguu ya wanawake wanaoteremka, na kati ya miguu ile nilijua kuna mingine mizito. Nikaliweka sinia chini. Nilitaka mtu atwange kinu.

Bibi alitembea mpaka kwenye daka. "Mzee Makame," akasema, "mbona wasimama kama mdai? Pita." Akamshika mkono wa kanzu, mwanamke wa umri wake aweza, akamwingiza ukumbini, akamketisha juu ya kiti cha Baba. Mzee akafungua kinywa. "Kunywa kwanza," Bibi akamwambia, nami akanitupia jicho, nikakimbia kuleta glasi ya maji. Aliipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote. Nadhani hakujua aifanye nini glasi tupu, akaishikilia, Bibi akaichukua na badala yake akamwekea mtoto mapajani.

"Wauliza mgeni gani," Bibi akasema. "Siku ile mkwe wangu yuko Michenzani, binti yangu anakufa, mlango huu ulibishwa na nani? Ni wewe. Wewe uliuliza mzazi vipi. Mtaa mzima haukuuliza. Umekaa nasi tangu mwaka juzi, na siku zote umejibiwa mlangoni. Mgeni wetu ni wewe, mzee. Huyo ni somo yako, jina ni lako."

Yule mtu aliganda. Kiganja chake kilikuwa chini ya kichwa cha mtoto kilichonyolewa, akiogopa hata kukisogeza. Na hapo hapo wanawake wakafika chini, wanne, wamejifunika, wakipita mbele yake kuelekea mlangoni, na wa tatu alikuwa mrefu kuliko wenziwe. Mzee Makame aliteremsha macho. Nami nikayafuata macho yake mpaka kwenye ile miguu: mipana, hina imepakwa upesi upesi, na juu ya kidole gumba, nywele. Aliitazama. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimezalisha watoto wengi, nimeona watu wakifa, na sijapata kuuona muda mrefu kama ule.

"Yule mrefu," akasema, "ndiye niliyemwona akiingia?"

"Ndiye," Bibi akajibu.

"Aondoka?"

"Aondoka."

Mtoto akapiga chafya. Mzee Makame akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akamfunika vizuri na pembe ya kanga. "Basi," akasema, "aliyekwisha kuondoka haandikwi."

Alikula bokoboko kwetu siku ile, sahani mbili, na Baba akamnawisha mikono mwenyewe. Baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mtu kutoka Bara alipita dukani kwa Baba akanunua sabuni, akasema polepole, "Bibi yenu mrefu kafika salama. Hina imekwisha kutoka." Bibi aliposikia alikwenda jikoni, akatia mtama ndani ya kinu, akatwanga kweli. Hospitali sikumsimulia daktari lolote, ila siku moja aliniuliza mtoto anaitwaje, nikamwambia. Alikuwa ananawa. Alisimama na maji yanamtiririka viwikoni, akasema kwa Kiswahili, "Basi mimi niko kwenu." Mkataba wake ulikwisha akaenda zake, na sikumwona tena.

Na Mzee Makame? Sitakudanganya kwamba alikuwa malaika. Katika mtaa ule ule kuna mtu mwengine aliyechukuliwa, na wengi walisema ni kwa ulimi wake. Mimi sijui, na aliyejua kafa. Lakini kila Idi alikuja na kipande cha kitambaa cha gauni la somo yake, akaketi ukumbini, si mlangoni. Nakumbuka mara ya kwanza alipokuja hivyo, Bibi alimmiminia kahawa, naye akapuliza kikombe, akasema kama mtu azungumzaye habari ya mvua, "Bi Zeyana, naona kinu chenu kimepona." Bibi hakumwaga hata tone. "Alhamdulillahi, mzee," akasema. "Kimepona."

Mgeni alinisikiliza mpaka maji ya masinia yakapoa. Kisha akauliza, "Sasa nimwambie nini mkwe wangu? Niliitwa kwa ajili ya nani?" Nikamwambia kwamba walikuwa watatu siku ile, mmoja aliingia na buibui, mmoja alitoka nalo, na mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwetu mwaka na zaidi bila mtu kumpa kiti; na kwamba Bibi alipomwambia yule wa tatu mgeni wetu ni wewe, alikuwa anamwokoa mwanawe, lakini pia hakusema uongo. Amwambie mkwe wake wote watatu. Akafuta mikono, akaniomba nimwandikie lile neno la Kiyunani, asije akalisahau ndegeni. Nikamwandikia, na chini yake nikaandika lile alilolisema daktari katika mvuke, ambalo Bibi alilifanya bila kufundishwa. Nakuandikia na wewe: mtu usiyemjua akibisha mlango wako, mfungulie, mpe kiti, mpe maji, ungoje mpaka anywe yote, ndipo umwulize jina.